Chungu cha Mama Mkwe

Jumatano, 1983

Mama mkwe ameniuliza tena kama zilitosha. Nimemwambia zimetosha, mama.

Asubuhi nilikuwa nachimba viazi nyuma ya nyumba, jembe likagonga chungu. Ndani sarafu tupu za enzi ya Mwingereza, zile zenye kichwa cha mfalme. Nikampelekea mama mkwe. Macho yake hayaoni tena, akazipapasa, akacheka.

"Mama Neema, umezikuta! Ni pesa za samli niliyouza, nilizifukia nikasahau mahali. Nilisema ziwe za mtoto akiugua. Haya, kamnunulie dawa."

Neema leo siku ya tatu anachemka. Zahanati klorokwini ya malaria hakuna, wamesema tutafute wenyewe. Nilitaka kumwambia mama kwamba pesa hizo zilishakufa zamani, hakuna duka linalozipokea. Badala yake nikasema, "Asante mama, Mungu akubariki."

Nikaenda nikauza kitenge changu cha Krismasi, sijakivaa hata mara moja. Madukani nguo hakuna, kwa hiyo kiligombewa. Vidonge nimevipata kwa mlanguzi, kwa kujificha.

"Zimebaki?" mama akauliza niliporudi. Nikamtikisia chungu asikie. Akafurahi jamani! Akaniambia nizifukie tena, safari hii karibu na mlango, ili mtoto akiugua tena tusihangaike.

Nimezifukia. Neema bado wa moto. Vidonge vikiisha mama ataniambia nikachimbe, na mimi nimebaki na kanga hii niliyovaa.