Chumba Namba Saba

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Goti lako linaendeleaje? Nimepata kazi hospitali, ila ni majaribio ya miezi mitatu. Nikiharibu, narudi na begi langu. Najua ulitaka nibaki nikuendeshee nyumba ya wageni, na maneno niliyokutupia pale mlangoni bado yananichoma.

Basi cheka kidogo: nimezikimbia shuka zako nikaangukia wageni tena. Nina wenyeji watatu. Ndivyo tunavyoziita kompyuta kubwa zinazovuma kwenye chumba cha baridi. Ndani ya kila mwenyeji wanaishi wageni, yaani kompyuta zisizoshikika kwa mkono, kila mmoja na kazi yake: dawa, maabara, majalada ya wagonjwa. Wako arobaini na mmoja, wamebanana. Jana nilimzima mgeni mmoja aliyekuwa hana faida, bosi akanipongeza.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisumbua kwenye ngazi, mengine salama. Ila barua yako imenipandisha presha! Nilipofika pale "nilimzima mgeni" nikashindwa kuendelea, nikaikimbiza kwa jirani yangu fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeisoma pole pole akaniambia ni mashine. Amecheka mpaka akajichoma sindano.

Sasa nikuulize kama mtu wa kazi hiyo. Wenyeji wako wamejaa wote? Mmoja akiugua, wageni wake wanahamia wapi? Mimi nina vyumba saba, najaza sita tu. Ulipokuwa mdogo ulininunia kila nilipomrudisha mtu mlangoni na chumba namba saba kiko wazi. Hukuuliza kwa nini. Paa halipigi hodi kabla ya kuvuja, mwanangu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti limepoa? Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae. Wenyeji wangu wote wamejaa pomoni, na mimi ndiye niliyewajaza, najiona hodari kwa kuwa hakuna nafasi inayolala bure. Mmoja akifa leo, wageni wake hawana pa kuamkia, na mgeni mmojawapo ndiye anayeshika majalada ya wagonjwa wote.

Nimemwambia bosi tuwazime wageni wasiotumika, ili siku zote ibaki nafasi ya kutosha wageni wote wa mwenyeji mmoja. Akasema, "Yaani ikae tu, tupu?" Nikamjibu kwa maneno yako ya paa. Akaguna. Kanipa wiki mbili, na nikizima kisichopaswa kuzimwa nifungashe virago. Naogopa, Mama.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Wiki mbili zimepita, na nyingine karibu mbili juu yake. Kama wamekufukuza, sema tu. Fundi cherehani ananiambia una kazi nyingi, lakini anasema huku haniangalii usoni.

Nami nina langu. Siku ile ulipoondoka nilikuambia asiyejua kutandika kitanda hawezi kutunza kitu. Nilikosea. Nilikuwa na uchungu wa kuachwa, basi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

7 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilianza barua tatu nikazichana. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua hatima yangu.

Nilizima wageni kumi na wanne, mmoja mmoja, kila mara baada ya kwenda kumuuliza mkuu wa idara ana kwa ana. Halafu Ijumaa, saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa imefika nje, mwenyeji wa pili akafa. Feni zake zikanyamaza ghafla. Dakika ya nne wageni wake wote walikuwa wameshaamkia kwa wenzake wawili. Nikakimbilia mapokezi. Dada wa pale akasema, "Kompyuta iligoma kidogo, nikamalizia chai yangu, ikarudi." Kidogo! Nililia chooni kwa furaha.

Bosi amenipa kazi ya kudumu bila kungoja miezi mitatu iishe. Ile nafasi tupu ameiandika kwenye mwongozo wetu kwa jina nililompa: Namba Saba. Nina likizo ya siku nne, naja tarehe ishirini na tano. Niwekee chumba namba saba, tafadhali.

Mwanao

16 Mei

Mwanangu,

Marahaba mara mia! Safari hii nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho, kisha nikampelekea fundi cherehani aisome kwa sauti, wateja wake wasikie.

Ila kuna jambo. Juzi mchana mvua ilifungua paa la chumba namba mbili. Mgeni wangu wa humo alikuwa na mtoto mchanga, nikawahamishia namba saba na mtoto hata hakuamka. Kwa hiyo namba saba kina watu, na siwatoi. Usininunie. Utalala na mimi, upande wa ukutani kama zamani. Vyumba vyote saba ni vya wageni. Wewe ni mwenyeji.

Mama yako