Pleti na Saumu

Jumatatu, 15 Februari 1954
Nimerudi kutoka Dar na pleti mdomoni! Plastiki tupu, imeshika juu, nyuma ya meno ya mbele. Meno yangu ya chini sasa yanagonga pleti, hayanichimbi kaakaa. Damu kwisha. Magego hayakutani — ndivyo daktari wa meno atakavyo, yapate nafasi ya kuota mpaka yakutane. Nikamuuliza njia ya kuharakisha. Akacheka: ipo moja tu, usiivue, hata ukila. Mwisho wa Juni anahamia Bombay. Yasipokutana kabla ya hapo, nani atanitengeneza? Yatakutana tu! Mimi ndiye Mwanvita.

Jumapili, 14 Machi
Nimepima pengo la magego kwa chane za ukindu nilizochana kwa ajili ya mkeka. Mwezi uliopita nilibana tano kati ya magego, zikachomoka. Leo nne zimekamatika! Shangazi Mwanabaraka ananishauri nitafune makopa, mihogo mikavu, ili magego yaende mbio. Nimejaribu — nusura nivunje pleti. Shangazi bwana!

Jumatano, 5 Mei
Siku ya pili ya Ramadhani. Chane tatu zinabana. Lakini Shangazi kang'aka: saumu gani hiyo, na kitu mdomoni mchana kutwa? Nikaenda kwa Mwalimu Mikidadi wa chuo cha Kurani. Akasema pleti haina ladha, hakuna kinachoshuka kooni, saumu ni sahihi. Kumwambia Shangazi, akafyonza: Mikidadi nimembeba mgongoni mie, leo anifundishe kufunga!
Basi. Ndiye aliyenilea. Mchana naivua, naivaa baada ya futari.

Jumamosi, 22 Mei
Mjinga mie! Pleti haikai sawa, inabana hadi machozi. Kaakaa linatoka damu tena. Chane nne zinachomoka. Wiki mbili na nusu tu! Nimekasirika — si kwa Shangazi, kwa nafsi yangu.

Jumapili, 23 Mei
Nimeivaa tangu daku. Inauma, nitaizoea. Adhuhuri Shangazi akaiona nikipiga mwayo. Akasema, tema. Nikamwambia kwa adabu: Shangazi, leo sitemi, na nimefunga kama wewe. Akajibu yeye hafuturu sinia moja na mtu anayekula.
Sikulia. Nimeendelea kusuka.
Jua limeshuka. Uji umeiva, nasikia harufu yake. Shangazi anapanga vikombe mkekani.
Kimoja.
Nasikiliza cha pili.