Mlio wa Rimu, Makambako

Dada Tumaini, shikamoo.

Bado nausikia mlio wa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye ghala la parachichi hapa Makambako, nilikotumwa na ofisi. Anayekosea huigonga mwenyewe, na wenzake huja kumsaidia. Jana, kwenye baridi na ukungu, Mama Upendo aliigonga: alikuwa amechanganya mabovu na mazima.

"Macho umeyaacha nyumbani Mdandu?" wenzake walimtania huku wakipanga upya naye, na lori likawahi kuondoka.

Nilisimama pembeni nikiwatazama. Ofisini kwetu kosa hufichwa mpaka limwangukie mnyonge, na kazi hulala. Nimechoka kuogopa, dada.

Nibusie watoto, na mama usimwambie kwanza. Leo asubuhi nimempigia bosi simu, nikamwambia sirudi.

Mdogo wako,
Neema