Nyumba Iliyopimwa kwa Kibuyu Chako

Mpendwa shangazi,

Mvua imenyesha tangu alfajiri na paa halijavuja hata tone. Nimekaa pale ulipopenda kukaa wewe, karibu na mlango, miguu nimeinyoosha, na nimekukumbuka ulivyokuwa ukijigamba kwamba kijiji kizima cha Zuzu hakuna mwenye nyumba kama yako.

Unakumbuka ilivyoanza? Wapima njia ya reli ya Mjerumani walipigilia vigingi hadi ndani ya zizi lako, ukaambiwa uhame. Masika yalikuwa yanakaribia. Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kwa mume wa binti yako, na hilo ulilikataa katakata. "Nilale nyumba moja na mkwe wangu? Bora nilale na mbuzi," ulimwambia baba. Ulisema ukicheka, ila mzigo mmoja uliufunga na kuufungua mara tatu.

Basi watu wakajitokeza. Baba alikuja na ndugu zetu. Bwana Salimu, jirani yako aliyehamia kutoka Kondoa, alikuja na wadogo zake, ingawa Kigogo chetu hakukijua, na Kiswahili cha baba kilikuwa cha kubabaisha. Ulipika pombe ya mtama kwa ndugu zetu na togwa kwa akina Salimu, kwa kuwa wao ni Waislamu, ukatuonya sisi wasichana tusithubutu kuchanganya vyungu.

Shida ilikuwa adabu. Baba alichukua upande wa mashariki, Salimu wa magharibi, na hakuna aliyetaka kuonekana anamfundisha mwenzake kazi. Wakachimba mashimo, wakasimamisha nguzo za panda za kubebea mhimili. Baba, mrefu vile, alikata zake kwa kimo chake. Salimu aliuogopa upepo wa kwetu, akakata fupi. Walipojaribu kuweka mhimili, ncha moja ilikuwa juu na nyingine chini. Udongo unaotandazwa juu ya paa ungeporomoka wote kwa mvua ya kwanza.

Baba akatoa ugoro. Salimu akawa anakung'uta vumbi kwenye nguo isiyokuwa na vumbi. Niliogopa kwamba wangeagana vizuri tu, kila mmoja aende kwake, wewe ubaki nje.

Ndipo ukarudi kutoka kisimani, kibuyu cha maji kichwani.

"Mbona mmenyamaza?"

"Dada, nguzo za wenzetu ni fupi," baba akasema.

"Mama, zao ndizo ndefu," akasema Salimu.

"Na mwenye nyumba mmemuuliza?"

Ukaenda ukasimama pale palipopangwa mlango, shingo umeinyoosha. "Mimi huingia na maji kichwani, na sitaki kuinama kwangu. Pimeni hapa."

Baba alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Wakakata ufito wa urefu wa kuanzia chini hadi juu ya kibuyu chako, ukawa unapita mkono kwa mkono. Nguzo za baba zikadidimizwa, za Salimu zikainuliwa kwa kujaziwa mawe shimoni. Tangu hapo hawakunyamaza tena. "Shusha kidogo." "Hapo hapo." "Huko mnaonaje?" Walipoubeba mhimili, sauti ya kunyanyulia ilikuwa yako, maana kila upande ulikuwa na neno lake. Sisi tukapandisha udongo kwa vikapu, na mvua ilipofika, ulikuwa ndani.

Sasa hupo, shangazi, na siandiki kwa kulia. Nakukumbuka zaidi ninapojigonga. Nimerithi urefu wa baba, na kila nirudipo kisimani lazima nishushe kibuyu mlangoni na kuinama, nikinung'unika. Salimu, mzee sasa, naye huinama, na mpaka leo hubisha hodi kwa kukuita wewe. Nami huitikia.

Mchana huu mvua ilipopungua, binti yangu alikwenda kuteka maji. Ni yule tuliyempa jina lako, na mwaka huu amerefuka hadi kimo chako. Nilimwona akirudi na kibuyu chako kichwani. Nikamwambia kwa mazoea, "Inama, mama." Hakunisikia, alikuwa akiimba. Akapita moja kwa moja, na kibuyu hakikugusa mti wa juu ya mlango.

Pumzika, shangazi. Nyumba imempata mtu wake.

Mtoto wa kaka yako