Mama Hataki Nichukue Jina la Bibi

Bi Remedios, shikamoo. Hunijui, lakini mimi nimelelewa na sauti yako, maana kila Jumamosi asubuhi mama alikuwa anafungua redio kwa sauti ya juu ili apige deki, na wewe ndiye uliyekuwa unatuamsha ukiwagombeza wanawake wa watu, na sikudhani ipo siku nami nitajileta mwenyewe kugombezwa, ila nimefika mwisho, nisaidie kabla sijapasuka.

Naitwa Wendy Zavaleta, ni wakili hapa Chicago, nimezaliwa Cicero, wazazi wangu wametoka Durango kule Mexico, na katika ukoo mzima mimi ndiye wa kwanza kukanyaga chuo kikuu, jambo ambalo mama huwatangazia hata watu asiowajua kwenye foleni ya mikate. Mwaka huu nimefanywa mbia katika kampuni yetu ya mawakili, mwanamke wa kwanza wa Kilatino pale, na badala ya kufurahi nikawa najiona kama niliyevaa nguo za kuazima, kwa sababu kazini mimi ndiye Mmexico wao, kwa binamu zangu mimi ni gringa, mzungu wa Kimarekani anayebananga Kihispania, na jina lenyewe ndilo hilo, hebu niambie Bi Remedios, Wendy na Durango wapi na wapi? Nikaanza kwenda kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, akanisaidia sana, akanifundisha kwamba machungu hurithiwa kama pua inavyorithiwa, ya bibi humshukia mama na ya mama humshukia binti, na asiyeyashughulikia huyasukuma mbele. Nikaapa kwangu yatakoma. Nikampeleka na mama kwa mtaalamu huyohuyo. Alikwenda mara moja, akamwambia yule dada kwamba amekonda na anaonekana hapati usingizi, akamwachia tamale, vile vitumbua vya mahindi vya nyama ya nguruwe, basi, hakurudi tena.

Ndipo nikapata wazo la jina. Bibi mzaa mama aliitwa Otilia. Sikuwahi kumwona, alifariki nikiwa shule ya msingi, mama hakwenda kumzika, alisema kazini wamemnyima ruhusa, na nilichonacho ni picha yake moja tu, amesimama mlangoni na mtandio wake, hatabasamu, nami kila nikimtazama nilikuwa naona nguvu. Nikaikuza ile picha nikaiweka ofisini, Siku ya Wafu ikafika nikaizungushia maua na mishumaa, wenzangu wakaja kuitazama, wakasema lo, bila shaka hapa pana hadithi nzuri, wakaniomba niisimulie kwenye mkutano wa kampuni. Nikapeleka ombi mahakamani niitwe Otilia Zavaleta.

Jumapili nikawaalika ndugu zangu nyumbani kwangu tule nyama choma, tukisherehekea cheo, na watu waliposhiba nikasimama nikawatangazia. Mama akaweka chini tortila, chapati ya mahindi aliyokuwa anaikunja.

"Otilia yupi?"

"Bibi, mama. Mama yako mzazi."

"Kwani unamjua?"

"Si nina picha yake?"

"Picha haina mkono, Wendy."

Baba akainuka akaenda kugeuza nyama iliyokwisha kuiva zamani. Nami badala ya kunyamaza damu ikanichemka, nikamwambia mama mbele ya wote, "Haya ndiyo ninayosema kila siku! Mama, una jeraha la vizazi na vizazi, na hutaki kulitibu!"

"Jeraha tena?" mama mdogo Chayo akashtuka. "Si alipopasuliwa kutolewa nyongo palishapona?"

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akamwambia mdogo wake, "Chayo, nipeleke kwako."

Mpaka leo yuko huko, simu yangu hapokei, lakini chakula, Bi Remedios, chakula analeta! Baba anashuka garini na sufuria la maharage, mfuniko umebanwa kwa utepe, namwuliza, "Mama amesemaje?" ananijibu, "Amesema urudishe sufuria." Huku si kutesana?

Nikamfuata mama mdogo saluni kwake, akanivuta pembeni, ndipo akanieleza ambayo mama hajawahi kunieleza maisha yangu yote. Kwamba Otilia alimtoa mama shule akiwa bado mtoto, akampeleka mjini kuwa mtumishi wa ndani kwa watu, na huko walikuwa wanamchapa kama Otilia alivyokuwa akiwachapa wanawe nyumbani, mpaka siku moja akatoroka akarudi nyumbani analia. "Bibi yako akampa maji," mama mdogo akasema. "Akamchana nywele, akamsuka vizuri, akampandisha basi akamrudisha kulekule. Akamwambia, usipokwenda wewe, atakwenda Chayo. Dada Amparo akaenda." Na nyumba ile ilikuwa na binti wa rika la mama, ambaye mama alikuwa akimpigia pasi sare za shule kila asubuhi. Jina la binti huyo lilikuwa Wendy.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Yaani miaka yote hii nimebeba jina la mtoto wa bosi! Kwa nini hakuniambia? Kwa nini niyasikie saluni, mashine za kukaushia nywele zikinguruma? Sasa nataka kulitupa jina hili kuliko mwanzo, mahakama imeshapanga siku, kazini wanaisubiri hadithi yao, na mama amefunga mdomo kama mlango wa benki. Nimfanye nini mwanamke asiyetaka kupona?

Wendy, Chicago

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nilitamani kukufinya.

Huruma kwanza. Kuwa wa kwanza ni upweke. Hakuna aliyekutangulia akakuonyesha shimo liko wapi, kazini wanakumbuka kuwa wewe ni Mmexico sikukuu zikifika, na wa kwenu wanacheka ulimi wako. Pole, hapo sikulaumu.

Lakini wewe ni wakili, mwanangu! Tangu lini wakili akamsimamisha shahidi bila kujua atasema nini, tena mbele ya sahani za watu? Umemwokota marehemu usiyemjua, ukamtawaza kwa sababu tu hakutabasamu pichani. Hiyo nguvu uliyokuwa unaiona, mama yako aliipata mgongoni.

Simhukumu Otilia. Sisi tuliotoka kule tunaijua njaa ilivyokuwa inaingia nyumbani na kukaa kama mgeni asiyeaga, na tunajua mama aliweza kumsuka mwanawe kwa upendo na kumpeleka pabaya siku hiyohiyo. Ila wa kumsamehe ni Amparo, mama yako. Huwezi kusamehe kwa niaba ya aliyechapwa, wala kulivaa jina la aliyemrudisha ukategemea apige makofi.

Na hili la "mtoto wa bosi" ndilo lililonitoa kwenye kiti. Usomi wote huo, hili likakupita? Amparo alisimama na pasi ya moto akimtazama mtoto wa rika lake anavaa sare iliyonyooka, anabeba mkoba, anakwenda shule, na hakuna wa kumgusa. Wewe unafikiri alikuwa anawaza nini? Alipojaliwa binti akampa jina la mtu anayekwenda shule. Na ukaenda! Hakuwa na maneno ya mtaalamu wako, lakini yale machungu unayosema yakome kwako, yeye alikwisha kuyafungia njia kabla hujaota jino.

Sisemi hana donda. Analo. Na kumlea mtoto gizani hivyo alikosea, akiniandikia nitamgombeza naye. Lakini leo zamu ni yako.

Kwa hiyo kesho nenda ukaliondoe ombi lako, njia ya mahakamani unaijua. Picha itoe ofisini. Wenzako wakidai hadithi, waambie ina mwenyewe na mwenyewe hajaitoa. Kisha nenda kwa Chayo mchana, mama yako akiwa na kazi mkononi, kaa umsaidie. Sufuria rudisha, na usirudishe tupu, ulilelewa vizuri. Mwombe radhi kwa ya Jumapili na usiweke "lakini" nyuma yake. Neno "jeraha" lisikutoke, "vizazi" lisikutoke, "mtaalamu wangu" ndiyo kabisa. Mwulize kitu kimoja tu: shule aliyotolewa, alikuwa anapenda somo gani. Halafu nyamaza, hata ukimya ukikuwasha. Akikueleza, hapo utajua jina lako ni la kutupa au la kubaki nalo. Asipokueleza, rudi wiki inayofuata ukamsaidie tena.

*

Wendy ameniandikia tena, na kwa kuwa wengi wenu mlinipigia simu kumwulizia, nawasomea:

"Bi Remedios, nilifanya ulivyosema, ombi nimeliondoa. Nilimkuta mama jikoni anachuna miiba ya majani ya mpungate ayapike, nikashika kisu, nikaomba radhi, nikauliza. Akaendelea kuchuna kana kwamba hajasikia. Nilijing'ata ulimi, karibu utoke damu. Mwishowe akasema, 'Hesabu. Mwalimu alikuwa ananiita ubaoni niwaonyeshe watoto wakubwa.' Halafu mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno chafu, akamtukana mama yake matusi ya Durango ambayo nusu yake siyajui, akalia, na nilipotaka kumkumbatia akanisukuma kwa kiwiko, 'Ngoja kwanza, nina miiba.' Alipomaliza kunawa akaja mwenyewe.

"Sasa anataka kwenda kaburini kwa bibi. Nikamwuliza, 'Ukifika utafanya nini?' Akasema, 'Nitajua nikifika. Labda nitapalilia, labda nitamaliza matusi.' Nikamwuliza kama niende naye. Akasema, 'Njoo. Ila ukianza kunieleza ninavyojisikia, nakuacha njiani.' Bi Remedios, jina nimebaki nalo, lakini safari hii naiogopa. Niende?"

Unaniuliza nini, Wendy? Kata tiketi. Kiti cha dirishani mpe yeye. Mkifika makaburini simama nyuma yake, mshikie mkoba, na kama ataamua kutukana, mwache atukane mpaka achoke.