Walinda Amani Wameambiwa Washambulie

Shoga, dada amelia saluni mbele ya wateja. Dada yule yule asiyelia hata msibani!

Alikuwa anamwosha mteja nywele, mikono imejaa povu, shemeji akapiga simu kutoka kule walikopelekwa na jeshi kulinda amani. Dada akaipokea kwa kiwiko, sauti ikatoka kwa spika, kila mtu akasikia.

Si unajua shemeji alivyokuwa akijisifu, eti kazi yao ni kusimama getini na kofia za bluu?

Leo akasema, "Mama watoto, mambo yamebadilika. Nchi yetu imekubali tuwafuate waasi huko huko msituni. Tunaondoka sasa hivi."

Kuwafuata, shoga! Mteja akainua kichwa kinachochuruzika maji: "Si walisema ni walinda amani?"

Dada alitaka kumwambia mumewe akatae, lakini askari anakataaje? Alitaka kumwambia anampenda, na watu wote wametega masikio.

"Upo?" shemeji akauliza.

"Nipo. Vaa soksi kavu."

Simu ikakatika. Dada amempigia tena na tena, hapatikani.

Sasa amekaa sakafuni, anarudia tu: "Soksi! Mume anakwenda vitani, nami namwambia soksi!"