Uso Unaoanza na Kijani

Kaka Zuberi,

"Mtoto hana sura ya kuchorwa, sura huja na miaka." Ndivyo ulivyomwambia binti yako Mwanaidi ulipomfungia rangi zake kabatini. Umekosea, kaka yangu, na ushahidi nimeuona leo hapa Troyeville, mtaa wetu wa wahamiaji.

Mchoraji wa Kigiriki, mzee mwenye rangi hadi kwenye ndevu, alikuwa akimchora binti wa msusi wa Kikongo. Kwanza akaupaka uso wote kijani kilichokolea. Mama mtu akaruka: "Eish! Mutoto yangu amekuwa sombe!" Ndivyo wanavyokiita kisamvu kwao. Binti akacheka, nusura aanguke kitini.

Mzee hakutetereka. Alisema makanisani kwao watakatifu huchorwa hivyo: giza hutangulia, mwanga hufuata. Akapaka hudhurungi juu ya kijani, kisha manjano, polepole, na macho makubwa, aliyosema alijifunza kuyachora kutokana na nyuso za kale zilizochorwa kwenye majeneza ya Misri, yakaanza kututazama. Nikamwona mtoto mwenye kiburi, mwenye huruma, anayetuficha jambo. Sura gani nyingine unayoitaka? Hata mama yake alisogea, akashusha sauti: "Ni yeye. Ni yeye kabisa."

Baridi ya huku inakata masikio, na nimekukumbuka wewe pamoja na ubishi wako. Msalimie wifi. Sasa fungua kabati, mrudishie mwanao rangi zake, kisha keti utulie akuchore. Akianza na kijani, nyamaza.

Dada yako akupendaye,
Saada